Dau Lisilolipwa: Muuzaji wa Mnada wa Mtandaoni na Mnunuzi Msumbufu katika Kanda ya Kati



Mmenipa kazi ya kuzungumzia mnunuzi anayetia dau kubwa mtandaoni, akatangazwa mshindi, kisha asilipe. Naichukua kwa uzito kwa sababu najua hasara yake inamwangukia nani. Mvua zetu huku ni za msimu mmoja; zinaanza Novemba au Desemba na kufikia Aprili zimekwisha. Mkulima wa Chemba, Kondoa au Bahi anavuna ufuta wake mara moja kwa mwaka, kwa hiyo mnada unaomhusu ni mmoja. Mshindi wa mnada huo asipopokea simu wiki mbili, mkulima hana mavuno mengine ya kumvusha. Anakopa, au msimu unaofuata anamuuzia mlanguzi anayefika nyumbani kwake na fedha mkononi, kwa bei ya kumwonea huruma. Watu wakianza kukwepa ghala, sababu mara nyingi huwa hapo, kwenye malipo yaliyochelewa.

Ninachokuja kutetea ni hiki: mnunuzi msumbufu hulelewa na masharti ya mnada wenyewe. Kumfukuza baada ya mnada ni kazi ya polisi na mahakama, na ni ya muda mrefu. Kumzuia kabla ya mnada ni kazi yetu wauzaji, na inawezekana.

Funzo la "mia tisa"

Wengi hapa mnaikumbuka Novemba 2017, nyumba za mfanyabiashara Lugumi ziliponadiwa Dar es Salaam na kampuni ya udalali ya Yono kwa niaba ya Mamlaka ya Mapato. Dkt. Louis Shika alitaja bei zake kwa utulivu, akatamka "mia tisa itapendeza", akatangazwa mshindi, kisha akashindwa kutoa asilimia 25 iliyotakiwa. Polisi walimchukua. Nchi nzima ilicheka, maneno yake yakawa msemo wa mitaani na wa matangazo ya biashara.

Mimi naomba tulitazame tukio lile kwa jicho la muuzaji. Walikuwapo watu wengine waliotaka nyumba zile, na baadhi yao huenda walikuwa na fedha kweli. Bei ilipopaa waliondoka. Mali ikabidi inadiwe upya, na safari hii mbele ya wateja waliokwishaona mnada wa kwanza ukivunjika. Kinachonisumbua ni mlango: mtu aliingia, akataja mamia ya mamilioni, na hakuna aliyemtaka aonyeshe chochote kabla ya kufungua kinywa. Robo ya bei ilidaiwa baada ya nyundo. Kabla ya nyundo hakukuwa na kitu cha kumpima.

Utaratibu huo wa robo ya bei tunaufahamu pia kutoka mahakamani. Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamtaka anayeshinda mnada wa nyumba au kiwanja katika kukazia hukumu atoe asilimia 25 papo hapo na kumaliza salio ndani ya siku 15. Akishindwa, mali inauzwa tena, na pengo kati ya bei yake na bei mpya anaweza kudaiwa yeye. Kanuni hiyo ya pengo ndiyo bora kuliko zote, na nitairudia, kwa sababu sisi wa mazao hatuitumii inavyostahili.

Mnada wa ghala unavyokwenda

Anayekwenda mnada wa mifugo wa Msalato siku ya Jumamosi anajua biashara inavyofungwa pale. Mnunuzi anamshika ng'ombe, anamtazama meno, wanabishana, fedha inahesabiwa, mnyama anaondoka. Anayeahidi kulipa kesho anajulikana ni mtoto wa nani na anakaa wapi. Mtandao umeondoa vyote viwili, macho na ujirani. Mnunuzi anaweza kuwa Dar es Salaam au Mumbai, na anachokiona ni namba ya shehena, uzito, daraja la ubora na jina la ghala.

Kwa mazao yetu, uti wa mgongo ni Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya 2005. Korosho za Mtwara ndizo zilizoanza kuutumia mfumo huu kwa wingi, msimu wa 2007/2008, kwa zabuni za karatasi zilizofungwa kwenye bahasha na kutumbukizwa sandukuni. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Soko la Bidhaa, na Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo wengi tunaliita TMX, likaanza kuleta mnada wa skrini. Ufuta, dengu na mbaazi zimeingia humo, na msimu wa 2024/2025 hata korosho ziliachana na sanduku.

Mnajua mtiririko: mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, unapimwa, unasafirishwa hadi ghala kuu, stakabadhi inatolewa, orodha ya shehena inatangazwa, wanunuzi waliosajiliwa wanatia madau, wakulima wanaridhia bei au wanaikataa, mshindi analipa benki, ndipo mzigo unatoka. Tuushike vizuri mwisho wa mtiririko huo. Mzigo hautoki kabla ya fedha kuingia. Kwa sababu hiyo mnunuzi msumbufu wa ghalani ni nadra kuiba ufuta. Anachokiiba ni muda, na ndani ya muda bei inaweza kuanguka. Tukilielewa hilo, tutajua dhamana tunayoitaka kwake ni ya kufidia nini.

Na bei huanguka kweli. Mwaka 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na mbaazi iliyokuwa fahari ya Kondoa na Babati ikakosa mnunuzi hata kwa shilingi mia chache za kilo. Aliyekuwa ameahidi bei ya juzi alikuwa na kila sababu ya kuikimbia.

Wasumbufu hawafanani

Tunapenda kuwaita wote matapeli, na hapo ndipo tunapokosea dawa. Yupo mteja hewa hasa, asiye na fedha wala nia. Huyo ni nadra na ndiye rahisi kumzuia.

Anayesumbua zaidi Kanda ya Kati, kwa ninavyoona, ni wakala asiye na mtaji wake. Anatia dau akitegemea kwamba akishashinda atampata msafirishaji mkubwa wa kumpa fedha, naye abaki na shilingi hamsini au mia kwa kila kilo. Akimpata, analipa na kila mtu anafurahi. Asipompata, anaanza hadithi za benki: fedha ipo njiani, meneja yuko likizo, mfumo umekwama. Huyu hajioni kuwa tapeli. Anacheza kamari kwa mzigo wa mtu mwingine, na tumemruhusu kucheza bila kuweka chochote mezani.

Kuna anayeshinda kisha kurudi na malalamiko ya ubora. Ufuta una unyevu, una mchanga, dengu zimetobolewa. Anataka apunguziwe bei. Wakati mwingine anasema kweli, na nitalifikia hilo. Wakati mwingine soko la nje limeshuka tangu alipotia dau na unyevu ni kisingizio.

Kisha wapo wanaopanga pamoja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wazabuni kukubaliana bei, ila kuwakamata ni kazi ngumu wanunuzi wanapokuwa watano na wote wanakula chakula cha mchana meza moja.

Hata Serikali imewahi kuachwa ikisubiri. Novemba 2018, wakulima wa korosho wa kusini walipokuwa wamezikataa bei za mnada, Serikali iliamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Januari 2019 ukatiwa saini mkataba na kampuni ya Kenya iitwayo Indo Power Solutions, tani 100,000 kwa takriban shilingi bilioni 418. Malipo hayakuja, na baada ya miezi michache mkataba ukavunjwa huku korosho zikiwa bado maghalani. Ikiwa saini iliyowekwa mbele ya mawaziri na kamera haikuleta fedha, sisi wa ghala la wilaya tusitegemee kwamba bofyo la simu litaleta.

Dhamana, na hesabu yake

Tuchukue mfano wa kufikirika. Shehena ni tani 30 za ufuta, yaani kilo 30,000. Mshindi ametaja shilingi 3,000 kwa kilo, jumla milioni 90. Anakimbia. Tunanadi tena baada ya siku kumi, bei ya juu inakuwa 2,850. Pengo ni shilingi 150 kwa kilo, sawa na milioni nne na nusu. Hiyo ndiyo hasara ya wakulima, na bado hatujahesabu gharama ya ghala kwa siku hizo kumi. Milioni nne na nusu ni asilimia tano ya milioni 90. Kwa maneno mengine, dhamana ya asilimia tano inalinda anguko la bei la asilimia tano, basi. Ikiwa zao lenu lina historia ya kuyumba kwa asilimia kumi ndani ya wiki mbili, dhamana ya asilimia tano ni mapambo.

Napendekeza dhamana iwekwe kabla ya mnada, na ukubwa wake uendane na tani ambazo mnunuzi anataka kuzipigania. Mwenye dhamana ya shehena moja asiruhusiwe kushinda shehena nne. Hapa mfumo wa kielektroniki unatusaidia kuliko sanduku lilivyoweza, kwa sababu skrini inaweza kulikataa dau linalozidi dhamana kabla halijaonekana na mtu yeyote.

Najua pingamizi litakalotoka kwa wenzetu wafanyabiashara wa Kibaigwa na Kondoa mjini, na ni pingamizi la haki. Dhamana kubwa inayofanana kwa wote inamfungia nje mnunuzi wa hapa mwenye lori moja, inawaachia uwanja wasafirishaji wakubwa wachache, na wachache ndio wanaokubaliana kirahisi. Tungekuwa tumeondoa msumbufu mmoja na kumkaribisha mbaya zaidi. Ndiyo maana nasisitiza ukubwa wa shehena. Zigawanywe ziwepo za tani tano na kumi, ili mdogo aweke kishika uchumba kidogo kinacholingana na uwezo wake. Asiposhinda, arudishiwe dhamana yake siku hiyohiyo. Chama kinachokaa na dhamana za watu wiki nzima kinajifukuzia wateja wake wazuri.

Umuhimu wa dhamana ya kutosha Wamarekani walijifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 1996 walinadi leseni za masafa ya simu, wakawaruhusu washindi kuanza na malipo madogo na kumalizia kwa awamu kwa miaka mingi. Kampuni ya NextWave ilishinda leseni 63 kwa dola bilioni 4.7, ikashindwa kulipa, ikakimbilia ulinzi wa sheria ya ufilisi mwaka 1998, na kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 2003. Kwa miaka yote hiyo masafa yalikaa bila kutumika. Anayeweza kushinda leo na kulipa mbali sana huko mbele hutaja bei ya matumaini.

Mshindi wa pili

Mara nyingi chama kikikimbiwa kinamgeukia mshindi wa pili. Ni njia ya haraka, na madau mawili yakikaribiana ni njia nzuri. Lakini ina mtego ambao lazima muujue. Watu wawili wanaweza kupanga: mmoja anataja bei ya chini, mwenzake anataja bei ya juu mno ambayo hakuna atakayeifuata. Wengine wanakata tamaa na kuacha. Wa juu anakimbia, na mzigo unamwangukia wa pili kwa bei ambayo haikushindaniwa. Ujanja huu uko kwenye minada ya mtandaoni duniani kote.

Kwa hiyo kanuni iandikwe mapema: mshindi wa pili atapewa mzigo ikiwa tu dau lake haliko chini ya la kwanza kwa zaidi ya kiwango ambacho mkutano wenu umekubali, tuseme asilimia mbili au tatu. Likizidi hapo, mzigo unanadiwa upya. Katika hali zote mbili pengo linakatwa kwenye dhamana ya aliyekimbia, na fedha hiyo inakwenda kwa wakulima wa shehena ile kulingana na kilo zao. Isiingie kwenye mfuko wa uendeshaji wa chama. Nimewasikia viongozi wakiitazama dhamana iliyotaifishwa kama mapato ya ofisi. Jambo hilo si sawa hata kidogo, kwa sababu aliyesubiri ni mkulima.

Wauzaji wadogo wanaotumia simu

Sijawasahau ndugu zetu wanaonadi kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye matangazo ya moja kwa moja ya Instagram hapa mjini: mitumba ya daraja la kwanza, simu, samani za watumishi wanaohama, mbuzi na kuku wa kienyeji. Dodoma imekua haraka tangu Serikali ilipohamia, na wageni wengi hawajuani. Hawa hawana ghala wala TMX ya kuwalinda, na msumbufu wao ana sura nyingine: anasema "nimechukua", kisha kimya, au anatuma ujumbe wa muamala wa kughushi, au analipa kweli kisha anaomba mtandao wa simu urudishe fedha akidai alikosea namba.

Kwao nina ushauri mfupi. Mtu mpya atoe kishika uchumba kabla ya kuruhusiwa kutia dau. Muda wa kulipa utangazwe kwa saa, ukipita bidhaa irudi mnadani bila kubembelezana. Malipo yathibitishwe kwa kutazama salio kwenye akaunti yako mwenyewe, kamwe usiamini ujumbe uliooneshwa kwenye simu ya mteja. Tumia lipa namba ya biashara badala ya namba binafsi. Na kumbukumbu za mazungumzo zitunzwe, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofungwa kwa ujumbe.

Jambo moja liachwe mara moja: kumwanika mdaiwa kundini kwa picha yake na nakala ya kitambulisho chake cha NIDA. Naelewa hasira. Lakini tangu Mei 2023 tunaishi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na tume yake iko hapahapa Dodoma. Muuzaji aliyedhulumiwa shilingi elfu themanini anaweza kujikuta yeye ndiye mlalamikiwa.

Kumbukumbu na adhabu

Sifa njema ya mnunuzi ina thamani ikiwa imeandikwa. Tovuti ya minada ya eBay, iliyoanza mwaka 1995, iliwaacha wauzaji na wanunuzi wapeane alama. Mwaka 2008 ikawazuia wauzaji kumpa mnunuzi alama mbaya, kwa kuwa wauzaji walikuwa wanazitumia kulipiza kisasi kwa wateja waliolalamika kwa haki. Waliachiwa njia nyingine: kumzuia mteja fulani asitie dau kwenye bidhaa zao, na kufungua shauri la bidhaa isiyolipiwa.

Funzo ninalolichukua ni kwamba adhabu isikae mkononi mwa muuzaji aliyekasirika. Katika ununuzi wa umma, mamlaka ya udhibiti, PPRA, inaweza kumfungia mzabuni baada ya kumsikiliza, na aliyefungiwa hapati kazi kwa taasisi yoyote ya umma kwa muda uliowekwa. Mazao yanahitaji utaratibu wa aina hiyo. Leo mnunuzi aliyeikimbia shehena ya Singida anaweza kuonekana safi Manyara wiki inayofuata. Kumbukumbu iwe moja kwa mikoa yote, mnunuzi asikilizwe ndani ya siku chache, na adhabu ipande kwa hatua. Aliyechelewa kwa sababu benki ilikwama kweli, na akaleta ushahidi, asiwekwe kapu moja na aliyezima simu. Na lisisajiliwe jina la kampuni peke yake. Wakurugenzi wake wasajiliwe pia, maana kampuni mpya inaanzishwa kwa siku chache.

Usafi wa upande wetu

Niseme na hili kwa viongozi wenzangu wa vyama bila kuzunguka. Mnunuzi anayelalamika kuhusu mchanga kwenye ufuta mara nyingine ameukuta mchanga. Orodha ilisema daraja la kwanza, gunia likasema vingine. Mzani haukuwa umehakikiwa. Karani alimpokelea ndugu yake mzigo mchafu. Muuzaji wa namna hiyo hana haki ya kutaifisha dhamana ya mtu, na akifanya hivyo atashindwa mahakamani. Sampuli ichukuliwe mbele ya mashahidi, ifungwe, ihifadhiwe ghalani hadi malipo yakamilike, ili mzozo ukitokea kitu cha kupima kiwepo.

Wala tusitie madau ya uongo kupandisha bei. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa haimruhusu muuzaji kujinunulia kwa siri kwenye mnada wake mwenyewe, na mnunuzi aliyechezewa hivyo anaweza kuukataa ununuzi. Pale skrini inapokatika kwa sababu ya umeme au mtandao, mnada usimame na muda uandikwe. Dau lililopotea angani ni chanzo cha ugomvi usio na mwisho.

Ndugu Mwenyekiti, ombi langu kwa vyama vilivyowakilishwa hapa ni la utekelezaji. Kabla ghala hazijapokea ufuta wa msimu ujao, kila AMCOS iitishe mkutano mkuu, ijadili masharti ya mauzo kifungu kwa kifungu, na ipitishe kiwango cha dhamana, siku za kulipa, kanuni ya mshindi wa pili na haki ya mkulima kulipwa pengo. Masharti hayo yabandikwe kwenye ubao wa ghala kwa Kiswahili, yapelekwe kwa wasimamizi wa mfumo ili yaingizwe kwenye mnada, na mnunuzi yeyote asiyeyakubali kwa maandishi asiruhusiwe kutia dau.